Makofi Mawili ya Dineo

Kelebogile, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, aliongoza darasa zima katika somo jipya la Kuwaelewa Wagonjwa wa Tamaduni Nyingine. Siku tatu ukumbini, chai na maandazi vya bure, mwalimu ambaye hakuwahi kuvuka Pretoria akiwaeleza kwamba Mshona wa Zimbabwe hupiga makofi taratibu kabla ya kupokea kitu. Awali Kelebogile aliamini, kama mtaa wake wote wa Tembisa, kwamba wageni ndio wanaomaliza dawa. Sasa aliwapenda wote. Cheti anacho.

Jumatatu akapelekwa zahanati. Getini vijana wa kupinga wageni, wenye fulana nyekundu, walidai vitambulisho vya uraia; asiye nacho, arudi kwao. Mama mmoja mjamzito alishawapita. Alijiita Dineo wa Hammanskraal, hapo kaskazini ya Pretoria, na Kitswana chake kilinyooka kuliko cha vijana wenyewe. Mimba miezi minane, miguu imevimba, presha mia na themanini.

"Huyu asitoke bila dawa," Sista Mokoena, muuguzi wa zamu, alimnong'oneza Kelebogile. "Akitoka hivi ni kifafa cha mimba, tutawazika wawili. Mpe kidonge, mimi napiga simu ya ambulensi."

Kelebogile alileta maji na kidonge. Yule mama akaweka mkoba chini, akakunja viganja kidogo, akapiga makofi mawili laini, kisha akapokea kwa mikono miwili.

Moyo wa Kelebogile ukaruka kwa furaha. Slaidi ya kumi na saba ya mwalimu!

"Aa, dada! Kumbe wewe Mzimbabwe!" alisema kwa sauti ya ukumbini. "Karibu sana! Sisi hapa tunaheshimu mila zenu!"

Benchi zima likageuka.

"Dineo wa Hammanskraal!" bibi mmoja akacheka. "Basi na mimi Mchina."

"Ndiyo maana tumekaa hapa tangu alfajiri," mwingine akadakia. Mzee mwenye kofia akainuka, akaelekea getini kwa wale vijana.

Yule mama alimtazama Kelebogile. "Mdogo wangu, nimekukosea nini?"

Akaweka kidonge juu ya benchi, taratibu, kana kwamba kitavunjika. Akachukua mkoba, akatokea mlango wa nyuma, wa chumba cha kufulia. Kelebogile alipofika nyuma, alikuta uzio uliotoboka na kandambili moja.

"Yuko wapi?" Sista Mokoena aliuliza, simu bado sikioni.

"Nilimkaribisha tu, Sista."

"Umemkaribisha mpaka nje."

Namba ya simu kwenye kadi yake ya kliniki haikupatikana. Siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa.

Ijumaa chuo kilitaka kila mwanafunzi aandike mfano mmoja wa kutumia somo kazini. Kelebogile aliandika: "Nilimtambua mgonjwa kwa makofi yake." Akaweka kalamu chini. Alikabidhi karatasi hivyohivyo, mstari mmoja, akingoja kuulizwa.

Mwalimu akaweka alama ya vema, na pembeni akaandika: Safi sana.