Kiti cha Mama Katika Katiba ya Kampuni

Mama alipofariki, kikundi chao cha akina mama kijijini Kamukuywa kiliacha kiti chake wazi. Ndiyo desturi yao: mwanamke akifa, mke wa mwanawe anakuja kukalia kiti chake, anakausha mboga na wenzake, anakunywa chai nao. Mimi ni mtoto wa pekee, sijaoa, bibi sina. Kwa hivyo kiti kikabaki kinangoja, nami nikarudi Kitale kwenye chumba changu cha kupanga, nikaanza kuota ndoto kubwa.

Ndoto yenyewe ilikuwa kampuni. Mboga za mrenda na saga walizokausha akina mama wale zilipendwa mpaka Kitale, na duka moja kubwa likasema haliwezi kununua kwa kikundi, linataka kampuni. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuchapa kwa kompyuta najua. Nikajitolea kuwaandikia makaratasi.

Wakili mmoja kijana akanipa katiba mbili za mfano. "Chagua moja bana, ubadilishe majina, basi." Ya kwanza ilikuwa ya kampuni ya hisa: kila mtu ana sehemu yake, faida inagawanywa, akifa mtoto wake anarithi. Ya pili haikuwa na hisa. Faida yote inabaki kwa kazi na kwa kijiji, na mwanachama akifa, uanachama wake umeisha.

Ile ya kwanza niliipenda sana. Si kwa sababu ya faida. Ni hapo kwa mtoto kurithi. Tangu Mama aniache, hakuna mahali watu wakikusanyika wanauliza mbona mimi sijafika. Nilishajiona nimeketi kati ya wale akina mama, wakinitania.

Jumamosi nikaenda Kamukuywa, nikawasomea zote mbili, nikiwaeleza polepole.

"Hiyo ya hisa hapana," alisema mwenyekiti, mama wa sauti ya chini aliyekuwa jirani yetu. "Mtoto wa mtu atauza sehemu yake kwa mtu wa mbali huko Suam hatumjui. Siku moja tunafika hapa, tunakuta huyo ndiye ako na ufunguo."

"Basi hii ya pili, mama."

"Hiyo nayo ati nikikufa nimeisha? Si uandike vile sisi hufanya? Kiti kiende kwa mke wa mwana."

"Na kama huyo mwana hana bibi?" niliuliza, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Atafute," sauti ikatoka nyuma. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda.

"Kitangoja, mwanangu," mwenyekiti akasema.

Nilirudi Kitale, nikaichukua ile ya pili, nikafika kwenye kifungu cha uanachama. Nikaandika kwamba mwanachama akifa, kiti kiende kwa "mtoto wake". Nikaiangalia kwa muda. Wengi wao hawangeisoma, waliniamini. Kisha nikamkumbuka Mama akinisimulia vile aliolewa akafika kijijini hajui mtu, na vile siku aliyoketi kwenye kiti cha mama mkwe wake ndiyo alianza kuitwa kwa jina. Kiti kile hakikuwa changu hata kidogo. Kilikuwa cha msichana fulani ambaye bado hajafika, na akifika atakuwa mgeni. Nikafuta, nikaandika "mke wa mwanawe".

"Kifungu kama hiki sijaona popote," wakili akasema, "lakini sioni shida."

Siku ya kutia sahihi walivaa nguo za kanisani. Walipomaliza, mwenyekiti akanigeukia taratibu. Katiba inasema wakurugenzi wanachaguliwa na wanachama peke yao.

"Mwanangu, utupishe kidogo. Tunapiga kura."

Nikatoka, nikasimama kwenye vichanja vya kuanikia mboga, nikaanza kugeuza mrenda ushike jua upande wa pili. Ndani mtu alisema kitu, wakaangua kicheko. Sikusikia ni nini. Nikaendelea kugeuza.