Mzee Mwenye Sikio la Namba Katorze

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, mke wangu ni shahidi, na ilikuwa saa tisa mchana. Nakueleza kilichonipata, basi.

Kazi yangu ni kutunza panya weupe katika labo moja, maabara ya utafiti, hapa Bukavu. Watafiti wanawatilia dawa kwenye maji ya kunywa, dawa inayowaletea kansa ya kibofu cha mkojo, ili waone ugonjwa huo unavyoanza kabla haujamwangusha mtu. Kila asubuhi namshika panya mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, namning'iniza juu ya karatasi nyeupe, nangoja akojoe. Mkojo ukiwa wa kawaida, naandika "safi" kwenye fishi yake, kadi ya kumbukumbu. Nikiona wekundu naandika "damu", na dokta anamlaza usingizi wa kufa siku hiyo hiyo, asiteseke. Tunawatambua kwa masikio. Namba katorze, yaani kumi na nne, alikuwa na mikato miwili juu na mmoja chini, sikio la kushoto. Nilimkata mwenyewe.

Sasa sikia upumbavu wangu. Mwezi ule mimi mwenyewe nilianza kutoa mkojo mwekundu. Hakuna kilichouma. Nikajiambia ni lengalenga nyekundu, ule mchicha anaopika mama watoto, nikaendelea na kazi. Siku mbili baadaye katorze akaacha doa jekundu kwenye karatasi. Ningeandika damu, ningekuwa nimejiandika mimi. Unanielewa? Nikaandika safi. Wiki tatu nzima, kila asubuhi, safi. Ijumaa moja nikamkuta amekufa, tumbo limevimba, waya za kizimba amezing'ata mpaka zimepinda. Niliona aibu, lakini sikumwambia mtu.

Siku hiyo nikatoka kazini kupanda mlima kwenda kwetu, mtaa wa Kasha. Mvua ikanikamata njiani, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, nikawasha sigara. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale, mdogo wa umbo, koti jeupe halina hata tone la matope, wakati mimi nilichafuka hadi magotini.

"Jambo, muzee."

"Jambo, papa. Unatoka ku kazi?"

"Ndiyo."

"Leo uliandika nini?"

Mtu gani anauliza hivyo? Nikamgeukia nimjibu vibaya, maana hasira yangu iko karibu, ndipo nikaona sikio lake la kushoto. Mikato miwili juu, mmoja chini, imepona zamani. Sigara iliniponyoka.

Kabla sijakimbia akanikamata ngozi ya shingo, nyuma, kwa gumba na vidole viwili, vile vile ninavyofanya mimi. Miguu ikaacha ardhi. Mimi, mwanaume wa kilo themanini. Nilijikojolea pale pale, na mzee akainama kutazama saruji bila haraka. Palikuwa pekundu.

"Miye uliniandika safi," akasema polepole. "Wiki tatu niliumwa. Na damu yako, nani anaiandika?"

"Naogopa, muzee."

Mwezi mzima sikuwa nimesema neno la kweli kama hilo.

"Hata miye niliogopa," akasema, akaniweka chini. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na kwenye matope hapakuwa na nyayo zaidi ya zangu.

Nyumbani sikufika. Niliteremka moja kwa moja hospitali na suruali ile ile. Wakaniingizia kamera, wakakuta uvimbe ndani ya kibofu, bado mdogo. Daktari akaniuliza habari za sigara, maana nazo huleta kansa hiyo, nikamweleza. Kabla hawajanikata nilimwita mtafiti wetu, nikamwambia yote kuhusu fishi. Alikasirika kweli, akafuta matokeo ya wiki tatu, ila hakunifukuza.

Uvimbe uliondolewa. Kila miezi mitatu narudi kwenye kamera, na kila mara naogopa upya. Hapa nyuma ya shingo nywele hazioti tena, sehemu tatu za vidole. Kinyozi wangu wa Bagira kila nikikaa ananiuliza ni kidonda gani kile. Namwambia anyoe tu.

Wewe unayesoma, ukiona mkojo mwekundu, hata mara moja, hata bila maumivu, usijitafutie sababu. Nenda ukapimwe. Mimi nilikamatwa shingo ndipo nikaenda. Kwako huenda asije mtu.