Chipsi za Bure na Mama Mkwe

Kuna watu walioumbwa kutafuta elimu na wengine kutafuta haki. Mimi nimeumbwa kutafuta ofa. Simu yangu imejaa apu za mikahawa ambako sijawahi kula kwa bei kamili, na ikilia mfukoni mke wangu haulizi nani anapiga, anauliza leo wanagawa nini. Kwa hiyo iliponiarifu jioni moja kwamba kesho yake ni siku ya chipsi, na kwamba mikahawa chungu nzima ya London ingezitoa bure au kwa nusu bei, niliona nimetumiwa msaada.

Msaada niliuhitaji kwa sababu ya mama mkwe. Alikuja kutoka Tabora kumtembelea binti yake, akae nasi Queensbury miezi mitatu, na tangu afike alikuwa hali chakula. Anawekewa sahani ya wali, anashukuru, anamwombea dua aliyepika, na baadaye sahani unaikuta vilevile. Mke wangu ni nesi, na siku zile shifti zake zilikuwa za kutoka alfajiri na kurudi usiku. Kila akirudi alimpelekea mama yake chai na mkate chumbani, na hicho ndicho kilichomweka hai. Akiulizwa, mama alisema chakula cha huku hakipiti kooni. Kitenge kikaanza kumlegea kiunoni. Kisha akaanza kuuliza, kwa upole, kama tarehe ya tiketi ya ndege inaweza kubadilishwa.

Mke wangu alilia jikoni usiku ule. "Miaka yote hii namsubiri," aliniambia. "Akirudi mapema, tena amekonda, nitamtazama nani usoni? Wewe si uko naye all day? Basi hakikisha anakula."

Kweli nilikuwa naye kutwa. Mimi ni dereva wa basi, na nilichukua likizo yangu yote ya mwaka ili mama asikae mpweke. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha kulala, nacho tulikiacha kwa mama na binti yake. Mimi nililala kwenye sofa sebuleni, na jiko limo humohumo sebuleni, karibu na miguu yangu. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano. Nilikuwa nangoja tu siku watu watakapoanza kunisifu.

Tena adabu nilikuwa nazo. Kwetu Unguja mkwe huonewa haya, lakini mke wangu alishanionya kwamba kwa mama yake mambo ni makali zaidi: mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, na maneno baina yao ni salamu na yale ya lazima tu. Nililishika hilo kwa mikono miwili. Nikitaka kula nilitoka na sahani yangu, nikaurudishia mlango, nikakaa ngazini, nikala mbio mbio ili niwahi kurudi. Jirani wa ghorofa ya juu alinikuta pale siku moja na pilau kwenye magoti, akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, nina mgeni tu. Tangu siku ile alikuwa akinisalimia kwa huruma.

Nikishamaliza, narudi ndani, nampakulia mama, namwekea mezani. "Karibu chakula, mama," nasema, kisha nakaa kwenye sofa kuhakikisha. Nilihakikisha asubuhi, mchana na jioni. Sikubanduka.

Nilipomuuliza mke wangu kama kuna chakula ambacho mama yake hajawahi kukikataa, alifikiri, akatabasamu. Alisema zamani mama akienda mjini alikuwa akinunua chipsi, anazila huko huko zikiwa za moto na pilipili, halafu anarudi nyumbani anaapa hajatia kitu mdomoni. Basi. Viazi vilikuwepo, sikukuu yake ilikuwepo, na mimi bingwa wa ofa nilikuwepo.

Asubuhi nilimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikamwambia leo ni sikukuu ya chipsi hapa mjini, na kama hatojali ningependa twende tukazile.

"Sikukuu ya dini gani?" aliuliza.

"Si ya dini, mama. Ni ya viazi tu."

Akaenda kuchukua koti lake. Hilo nililihesabu ushindi.

Tulianzia mtaa wa Stanmore, mimi mbele, yeye nyuma, kwa mujibu wa heshima. Mkahawa wa kwanza ulitoa sahani bure kwa yeyote atakayeonyesha simu. Nikaonyesha. Kabla hazijapakuliwa, nikauliza zinakaangwa kwa mafuta gani, na mhudumu akanijibu kwa fahari kwamba wao hutumia mafuta ya ng'ombe, ndiyo siri ya utamu wake. Huyo ng'ombe alichinjwa na nani, na kwa jina la nani, hilo hakulijua. Nikarudisha simu mfukoni, nikamweleza mama kwamba hapa hapatufai, na tukatoka.

Wa pili walikaanga kwa mafuta ya mimea, lakini ofa yao ilikuwa ya watu wawili waliokaa meza moja. Niliomba tukae meza mbili. Dada wa pale akasema ofa ni ya meza, si ya mtu. Nikamweleza kwamba huyu ni mama wa mke wangu, na kwa hiyo sisi hatuwezi kula meza moja. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaniinamia na kuninong'oneza kwamba anaelewa kabisa, wake naye ni mtihani. Nilitaka kumwambia kwamba mimi wangu nampenda, kwamba namheshimu kiasi cha kushindwa kutafuna mbele yake. Kiingereza changu cha basini hakikutosha kwa kazi hiyo.

Nikapata akili. Tungekaa meza moja, lakini mimi nisile. Mwiko haujavunjwa na ofa haijapotea. Sahani ikaja imejaa, chipsi nene za rangi ya dhahabu, mvuke unapanda. Nikakunja mikono na kumtazama mama kwa uso wa kumtia moyo.

"Kula, mama. Ni bure."

Akaokota chipsi moja, akaigeuza, akairudisha. Nikazidi kumtia moyo. Nadhani hata nilikuwa natikisa kichwa.

"Nimeshiba kwa macho, baba," alisema mwishowe, na chipsi zikapoa mbele yetu.

Hapo nilikasirika, nasema kweli. Si kwake, au labda kidogo kwake. Nilikuwa nimetoa likizo yangu, sofa langu na ujuzi wangu wote wa ofa, na bado nilimwona mama akipanda ndege kabla ya wakati wake na mke wangu akibaki pale uwanjani analia. Kwenye treni ya kurudi sikuzungumza hata yale ya lazima.

Tuliposhuka Queensbury nilibakiwa na ofa moja tu, nayo sikuitegemea. Karibu na stesheni kuna duka dogo la chipsi la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, mzaliwa wa Mwanza. Nilikuwa nikipita pale kila siku kwa basi bila kuingia, kwa sababu hakuwa na apu. Siku ile alikuwa amebandika karatasi dirishani: ukinunua sahani moja ya chipsi za masala, ya pili unapewa.

"Karibu mama, karibu ndani," alisema alipoona kitenge chini ya koti. "Mama ametoka wapi?"

"Tabora," alijibu mama mkwe.

"Tabora! Basi sisi jirani. Mimi Mwanza, bwana, duka letu lilikuwa soko pale pale."

Mama akacheka. Nilikuwa sijapata kumsikia akicheka. Wakaulizana habari za mvua, za reli, za bei ya mchele, na wakati huo sahani mbili zikawekwa kwenye kaunta zikinukia ndimu na pilipili. Nikamvutia mama kiti. Nikavuta cha pili, cha kwangu, cha kuhakikishia.

Mama hakukaa. Alimgeukia mwenye duka.

"Dada yangu, nisaidie kumwambia mkwe wangu neno."

Nilikuwa nimesimama hapohapo, ningeweza kumgusa koti. Mwenye duka alinitazama, akamtazama, akafuta mikono kwenye aproni na kuipokea kazi hiyo bila kushangaa.

"Mwambie namshukuru," mama alisema. "Ananitunza kuliko wa kumzaa. Lakini mwambie nina njaa."

"Mama anasema ana njaa," mwenye duka aliniambia.

"Mwambie chakula hiki hapa," nikajibu.

"Anasema chakula hiki hapa."

"Nakiona. Na nyumbani nakiona kila siku. Lakini yeye hatoki. Asubuhi yupo, mchana yupo, usiku kalala mbele ya jiko. Akitoka, sijamega tonge, kesharudi. Tena anakaa ananitazama mdomo. Kwetu sikufundishwa kutafuna mbele ya mume wa mwanangu."

Mwenye duka alinigeukia. "Umesikia mwenyewe, au nirudie?"

Nilisikia. Mimi nilidhani mwiko ule ni wangu. Nilijifunza nusu yake, nikaipamba, nikaenda kula pilau ngazini, na haikunijia hata mara moja kwamba ile haya ninayoiona mimi kwake, na yeye anaiona kwangu. Nilikuwa nimemlinda mama mkwe asile.

"Muulize mama," nilisema kwa shida, "kwa nini hakumwambia binti yake."

"Nimwambie nini?" mama alijibu kabla hajaulizwa. "Amtoe mwanamume nyumbani kwake kwa ajili ya tumbo langu?"

Nikatoka nje. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya hapa ambayo hata mwavuli unaona haya kuufungua. Nikasimama barazani, kando ya kituo cha basi, nimelipa mgongo dirisha la duka. Basi la njia yangu likapita, na mwenzangu wa kazini aliyekuwa akiliendesha akaniona nimesimama peke yangu mvuani, dereva aliye likizo, kwenye kituo chake mwenyewe. Akapiga honi. Nikapunga mkono.

Mwenye duka akaja na sahani ya pili. "Mama anasema hii yako. Anasema kula bila wasiwasi, yeye amegeukia ukuta."

Nikala nimesimama. Zilikuwa chipsi tamu kuliko zote nilizopata kugombania, na shingo iliniuma kwa hamu ya kugeuka kumtazama mama. Sikugeuka. Baada ya muda mwenye duka akachungulia tena mlangoni.

"Anataka sahani nyingine. Hiyo haimo kwenye ofa."

"Mpe," nikasema. "Mpe na nyingine akitaka."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Njiani nikamsikia akimpigia simu binti yake, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara ilisikika.

"Nimeshiba, mwanangu. Hayo ya tiketi yaacheni. Mwambie mwenzio Mungu ambariki." Kisha akaongeza: "Na umuulize, kesho ana pa kwenda?"

Punde simu yangu ikalia.

"Mama anauliza kesho una pa kwenda," mke wangu alisema. "I don't understand. Kwani nyinyi hamko pamoja?"

Nyuma yangu nyayo zilikuwa zimesimama zikingoja jibu. Sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na likizo nzima iliyobaki, mvua, na mji ambao ndugu yangu ndani yake ni mke wangu tu, naye yuko kazini.

"Mwambie mama," nikasema, nikipaza sauti imfikie, "kesho natoka asubuhi na mapema, na sirudi mpaka usiku. Na keshokutwa vilevile."

"Alhamdulillahi," mama alisema nyuma yangu, kwa furaha ambayo mimi, kwa kuwepo kwangu, sijapata kumpa mtu yeyote.