Mfupa wa Supu

Muuza nyama aliniuliza kama aniongezee mfupa wa supu, huku msumeno wake ukipita kwenye paja la ng'ombe. Harufu ya uboho ilinipiga puani, nikasogea mlangoni kutema mate.

Shuleni kwetu bwenini kulikuwa na mfupa kama huo, umefungwa kamba ya katani. Aliyesikika akisema Kikurya aliuvaa shingoni, akala nao, nzi wakitembea kutoka mfupani hadi kwenye midomo yake. Msichana aliyelala kitanda cha juu yangu aliugua homa kali, akaomba maji kwa lugha ya kwao. Matroni alikuja na mfupa badala ya kikombe, akamvika akiwa amelala. Ulikuwa unateleza kwa ute. Ulimgusa kidevu kila alipovuta pumzi, mpaka ukaacha kusogea.

Walimzika nyuma ya jiko kabla wazazi wake hawajafika kutoka Sirari.

Nje ya bucha wanaume walikuwa wanabishana kuhusu mkutano wa kijiji, ambapo sisi tuliosoma pale tuliomba shule ile ichunguzwe na pale nyuma ya jiko pafukuliwe.

"Ya zamani yameshapita," alisema mmoja. "Ardhi tuiache ilale."

Vumbi la mwamba lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Kwa ajili ya dhahabu alikuwa amechimba duara, shimo refu la mgodi, katikati ya shamba la mama yake, na jingine chini ya kitanda anacholalia.

"Mama, nikufungie na mfupa?" muuza nyama aliuliza tena.

"Mfupa mpe yule," nikamwambia, nikimwonyesha yule mwenye vumbi. "Mvalishe shingoni."