Kosa la Kuwa na Shahada Mbili

Shangazi yangu anauza mitumba sokoni Iringa, na ndiye aliyenishauri nifiche shahada zangu. Nilikuwa nakaa kwake Kihesa, mwaka wa pili tangu nimalize masomo, na siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye usaili mwingine. Mzee mmoja wa jopo alikuwa amepekua vyeti vyangu, kile cha shahada ya misitu na kile cha uzamili wa magonjwa ya miti, kisha akavua miwani.

"Binti, umesoma mno. Tukikuajiri utatukimbia."

"Nitawakimbia niende wapi, mzee?"

"Hilo sasa sisi hatulijui," akasema, akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mama mtoto aliyelowa.

Shangazi alinisikiliza huku anakunja masweta. "Mwanangu, mteja akija anatafuta nguo ya kulimia, mimi simwoneshi gauni la harusi, hata kama bei ni ile ile. Ataogopa. Nalisukuma chini ya belo, namwonesha kitenge. Wewe kila siku unawapelekea watu gauni la harusi."

Wiki ile ile nikaona tangazo. Kampuni moja ya mbao, nje kidogo ya Mafinga, ilikuwa inatafuta mpokezi: awe nadhifu, mwenye lugha nzuri, elimu kidato cha nne. Kampuni hiyo nilikuwa naijua. Nilishaiomba kazi ya afisa misitu mara mbili, na mara zote mbili haikunijibu hata neno. Safari hii nilibeba cheti kimoja tu. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kiwango cha juu cha elimu, nikaandika kidato cha nne. Nilijiambia huo si uongo kamili, maana kidato cha nne nilipita kweli, ila sikusimama hapo.

Nikaajiriwa siku hiyo hiyo. Afisa utumishi, mama mmoja mwenye haraka anayetembea na funguo mkononi, alinishika bega. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Hao wenye madigrii wanatusumbua tu."

Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu, kuandikisha wageni, kuchapa barua, kugonga mhuri, na saa nne kumpelekea meneja chai. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametokea kwenye biashara ya matairi, na miti aliijua kwa upande wa kuisafirisha. Mche ukinyauka kitaluni alisema umepigwa na upepo. Ukioza shingo, upepo. Ukiwa na madoa ya kahawia ambayo mimi niliyaandikia kurasa tisini za tasnifu, huo nao ni upepo, ila wa kutoka upande wa Njombe. Na alipenda kunielimisha.

"Unajua, binti," aliniambia siku moja wakati nakoroga sukari, "mti una mizizi."

"Kweli, bosi?"

"Mizizi ndiyo mdomo wake. Watu wengi hawajui."

Nilishukuru, nikatoka na sinia.

Miezi ile biashara ya mbao ilikuwa imelala. Watu walikuwa wamesimamisha ujenzi, magogo yanazeeka uani, na madereva wa malori wanacheza bao tangu asubuhi. Kila swali lilijibiwa kwa maneno matatu: hali ya uchumi. Nyongeza ya mshahara haikuja kwa sababu ya hali ya uchumi. Sukari ya chai ya wafanyakazi ilipunguzwa, hali ya uchumi. Meneja alipopata gari jipya nikadhani tutaelezwa hivyo hivyo, lakini lile lilikuwa ni mahitaji ya kikazi.

Mwezi wangu wa tatu kazini afisa utumishi alileta mapokezi boksi la maombi ya kazi ambayo hayajajibiwa. Makao makuu yalikuwa yamelalamika kwamba kampuni haina adabu kwa waombaji.

"Wajibu wote," akasema. "Barua moja, ubadilishe majina tu. Waambie nafasi imejaa."

"Imejaa kweli?"

"Haijajaa. Haipo. Lakini andika imejaa, inatia moyo zaidi."

Nikaanza kuchapa. Mchana wa siku ya pili nikafungua faili nikajikuta najitazama. Ilikuwa picha yangu ndogo ya pasipoti, stepla imepita katikati ya paji la uso. Chini yake kulikuwa na nakala za vyeti vyangu vyote, safi kabisa, hakuna aliyezifunua. Mbele kidogo nikajikuta tena, ombi la pili.

Ningeweza kuyachana. Sijui kwa nini sikuyachana. Nadhani nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hufuata utaratibu. Nikachapa: Ndugu, tunasikitika kukujulisha kwamba nafasi ya afisa misitu uliyoomba imeshajazwa, tunakutakia mafanikio kwingineko. Nikaweka mhuri. Na kwa kuwa maombi yalikuwa mawili, nilijikataa mara mbili. Maombi yenyewe nikayarudisha kwenye faili, barua nikazitia kwenye bahasha zenye anwani niliyoandika zamani, sanduku la posta la parokia yetu kule Mbeya. Dereva akazipeleka posta pamoja na nyingine zote, nikasahau.

Baba yangu hakusahau. Yeye ni fundi mstaafu wa reli, na nyumbani kwetu Uyole barua haisomwi mara moja. Mimi nilikuwa nimemwambia nimepata kazi kampuni ya misitu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Neno afisa aliliongeza yeye mwenyewe, kanisani, mbele ya watu, na sikuwa na moyo wa kulitoa. Sasa akaletewa barua mbili zenye nembo ya kampuni ile ile zinazosema mtoto wake hakuajiriwa.

Alikuja bila kupiga simu. Niliinua kichwa asubuhi moja nikamwona mlangoni, kavaa koti la harusi za watu, kabeba mfuko wa maparachichi, na mlinzi nyuma yake anamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene baba, karibu, pita tu." Mimi mkononi nilikuwa na sinia la chai ya meneja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akatoa zile barua, akaziweka mezani kwangu. "Kampuni inasema haijakuajiri. Wewe unasema uko kazini. Mmoja wenu ananidanganya, na mimi nimetoka nyumbani alfajiri nije nimjue."

Kabla sijajibu, afisa utumishi akapita na funguo zake. Baba akamgeukia, akavua kofia. Aliniponza bila kujua: alimpa yule mama heshima na maelezo kamili. Akamwambia yeye ni mzazi wa afisa misitu wao, kwamba binti ana shahada ya kwanza na ya pili, kwamba ya pili ni ya magonjwa ya miti, na kwamba kwa ajili ya ile ya kwanza yeye baba aliuza ng'ombe. Kisha akamwomba amwoneshe ofisi ya binti yake.

Afisa utumishi alinitazama, akalitazama na sinia. "Shahada mbili?"

"Mbili," baba akasema. "Muulize mwenyewe."

Yule mama akaondoka, funguo zinagongana. Baba akabaki anatazama meza yangu: simu, daftari la wageni, mhuri. Sikuwa na pa kuweka uso. Nilisubiri aseme kitu kikali, na ningekistahili. Akavuta kiti cha wageni, akakaa.

"Hiyo chai ni ya nani?"

"Ya meneja, baba."

"Kuna kikombe kingine?"

Nikammiminia. Akanywa pole pole mpaka mwisho. "Mimi mwaka wa kwanza reli nilifagia mabehewa," akasema, "na fundi nilishakuwa. Bibi yako alifariki anajua naendesha treni." Akacheka kidogo, mimi nikalia kidogo, na chai ya meneja ikachelewa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Baba hakulala Mafinga. Alipanda basi la mchana kurudi, akaniachia maparachichi, na zile barua akaondoka nazo.

Siku ya pili afisa utumishi alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. "Chapa hii, ni ya haraka."

Nikaanza kuchapa kabla ya kuisoma, kama kawaida. Ilimtaka mhusika ajieleze ndani ya siku tatu kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kosa la kuwa na mashahada mawili bila kumtaarifu mwajiri. Jina la mhusika lilikuwa langu. Nikasimamisha vidole. Halafu nikaendelea, maana hakukuwa na mchapaji mwingine. Mashahada mawili nikayarekebisha yakawa shahada mbili. Nikaweka mhuri, nikaiandika kwenye daftari la barua zinazotoka, nikajikabidhi, nikasaini kwamba nimepokea.

Kikao cha nidhamu kilipangwa saa tatu asubuhi kikaanza saa nne kasoro, kwa sababu hapakuwa na wa kuleta chai. Mtuhumiwa akanyanyuka akaileta. Kisha meneja akauliza nani ataandika muhtasari, na wote watatu, yeye, afisa utumishi na mhasibu, wakanigeukia. Nikafungua daftari.

"Binti," meneja akaanza, na alikuwa amehuzunika kweli, "nchi hii watu wamefukuzwa kazi kwa vyeti vya kughushi. Hao tunawaelewa. Lakini mtu mwenye vyeti halali anavificha! Kama umeficha shahada, kuna nini kingine unatuficha?"

Nikaandika swali lake.

"Mimi nilimwambia mti una mizizi," akawaambia wenzake. "Akanijibu, kweli, bosi?"

Afisa utumishi akasema fomu ilikuwa wazi, na kwamba kampuni imedanganywa, haikujua lolote kuhusu elimu yangu. Hapo nikaweka kalamu chini, nikaomba dakika moja, nikaenda mapokezi nikarudi na faili la maombi.

"Kampuni ilijua," nikasema. "Nilileta vyeti vyangu hapa mara mbili. Hivi hapa, na mhuri wa kupokelewa. Sikuwaficha. Ni nyinyi hamkufungua."

Meneja akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Alikaa sana kwenye orodha ya masomo. Mhasibu alikohoa. Meneja akainua uso akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ile miche inayooza shingo pale kitaluni. Si upepo?"

"Ni ukungu, bosi. Inamwagiliwa mno, na imebanana. Maji yapunguzwe na miche ipewe nafasi."

"Na ule wa Njombe?"

"Ukungu pia. Mwingine."

"Hilo usiandike kwenye muhtasari," akasema.

Hukumu ilichukua wiki mbili. Niliichapa mimi. Nilipewa onyo la maandishi kwa kutojaza fomu ipasavyo, na katika barua hiyo hiyo nikapewa cheo kipya: Mpokezi Mwandamizi mwenye Ujuzi wa Misitu. Mshahara ungeangaliwa hali ya uchumi itakaporuhusu. Nilipewa pia buti za mpira, ili mchana niende kitaluni na asubuhi nirudi kwenye simu. Maji yalipunguzwa, miche ikaacha kuoza, na wageni kutoka makao makuu walipokuja, meneja aliwaeleza habari za ukungu kwa ufasaha kabisa. Mimi niliwapitishia karanga.

Nisingependa mtu adhani nilikuwa shujaa. Nilikasirika, nikavaa buti, nikaenda kazini, kwa sababu kodi ya chumba nilichopanga Mafinga haingoji. Lakini nilirudi kuomba kazi kwa vyeti vyote, bila kuficha hata kimoja. Mwaka huu niliitwa usaili Iringa, nafasi ya mtaalamu wa afya ya mimea kwenye mradi mmoja. Jopo lilikuwa la vijana, kompyuta mpakato kila mmoja. Mmoja akasoma wasifu wangu, akakunja uso.

"Una shahada ya uzamili, lakini miaka miwili umekuwa mapokezi?"

"Ndiyo."

"Huoni kwamba hilo linaonesha huna malengo?"

Nilimwambia ninayo, ila nayo yako mapokezi, yanasubiri kuitwa. Hakucheka. Mwenzake alicheka, akaandika kitu.

Majibu hayajatoka. Juzi nilipiga simu kuuliza, akapokea dada mwenye sauti tulivu, akanieleza kwa lugha iliyonyooka mno jinsi mchakato unavyoendelea na kwa nini umechelewa. Mimi sauti hizo sasa nazijua.

"Dada, samahani," nikamuuliza, "wewe umesomea nini?"

Nikasikia anasogeza kiti, halafu mlango ukafungwa.

"Uhandisi wa maji," akasema kwa kunong'ona. "Lakini hapa hawajui, tafadhali."

Nikamwahidi sitasema. Ndiyo maana sijataja jina lake, wala la ofisi yake.