Kinini za Madame

Masomo yangu ni miaka mbili tu ya misioni, na nyumba yangu ya matofali nilijijengea mwenyewe. Muzungu ninayemuandika hapa alikufa zamani. Angekuwa muzima ningeandika vilevile.

Wakati Katanga ilijitenga na Kongo ikajiita inchi, nilikuwa nafagia farmasia yake hapa Lubumbashi na kuosha chupa. Bazungu baliingia kwa mulango. Sisi bantu beusi tulisimama inje, kwa dirisha ndogo ya pembeni. Uhuru ulikuja, dirisha ikabaki.

Siku moja madame mumoja akaingia, akanong'ona: mukojo unamuchoma. Muzungu akamuuliza maneno tatu. Iko na homa? Mugongo inauma? Iko na mimba? Hapana, hapana, hapana. Akamupa kinini za sulfa, vidonge vyeupe, bila karatasi ya munganga, akamuambia akunywe maji mingi. Bakacheka kidogo. Mimi nilikuwa chini ya meza na kitambaa, nikasikia yote. Bamadame bengine bakakuja na mukojo ya kuchoma, maneno ni yale yale.

Halafu bugonjwa ile ile ikamushika muke wangu. Siku tatu anajikamata kwa ukuta akienda choo. Majirani bakamujaza masikio, akanigeukia:

— Baba ya batoto, weye njo uliniletea hii bugonjwa. Ambia bale banamuke bako bakupikie!

Chakula yangu akaiweka kwa mulango kama ya imbwa. Na mimi sikugusa mwanamuke mwingine! Hospitali ilikuwa ngambo ya barrage, kizuizi ya njia, na magendarme, baaskari ya Katanga, balikuwa banauliza muntu kabila mbele ya kumuuliza jina. Bazazi ya muke wangu balitoka Kasai, na bantu ya Kasai balikuwa banakamatwa. Angepita namna gani?

Nikamuomba patron, muzungu wangu, kinini ya muke wangu, tukiwa babili tu. Hata macho hakuinua.

— Lete karatasi ya munganga. Bugonjwa ya bumalaya mimi hapana tunza hapa.

Bumalaya! Na madame alicheka, muke wangu ni malaya. Mate ikanijaa mu kinywa, nikameza.

Kesho yake nikangoja mpaka madame yule wa kwanza arudie. Nikaacha ufagio, nikazunguka upande wa banunuzi, nikaweka viwiko juu ya meza. Nikasema kwa Kifaransa niliyookota pale pale: muke wangu, mukojo unamuchoma, homa hapana, mugongo haiumi, mimba hapana. Madame akatazama viatu vyake. Muzungu akawa mwekundu, akanisukumia kinini kwa ncha ya kisu.

— Boy! Alkoli. Pangusa pale uligusa.

Nikapangusa na kitambaa, mbele ya madame. Ningekataa, muzungu angeninyanganya zile kinini.

Kwa nyumba nikamuelezea muke wangu.

— Hata madame iko nayo?

— Hata madame.

— Basi na bwana yake iko malaya!

— Hapana, mama. Inakamata hata mwanamuke mwenye bwana muzuri.

— Bwana muzuri! Ngoja kwanza nipone.

Akameza, akakunywa maji mutungi muzima. Siku ya tatu hakujikamata tena kwa ukuta. Akatandika mukeka, akaniita tukule pamoja.

Nikanawa mikono mara mbili. Tangu siku ile muzungu alikuwa ananipangusisha meza kila nilipopita karibu yake, na harufu ya alkoli haikutoka mu vidole. Nikakula nayo. Habari ya kitambaa sikumuambia.