Pikapu ya Marehemu na Fundi Mwenye Kinyaa

Fundi wa magari huzoea uchafu, lakini huyu mama aliuchukia tangu siku ya kwanza, na miaka ishirini ya gereji haikumbadilisha. Alivaa glavu za kuoshea vyombo na kutema mate kila alipofungua boneti. Watu walimwita Bibi Kinyaa. Walimcheka, kisha wakampelekea magari yao, maana pua yake iliujua ugonjwa wa gari kabla mkono haujagusa.

Jumamosi moja aliitwa na mjane muuza mayai. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na pikapu yake ililala bandani tangu hapo. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekata shauri: ikiwaka kabla ya saa sita mchana siku hiyo, ni ya mjane, isipowaka, shemeji yake, mdogo wa marehemu, aiuze vyuma chakavu. Shemeji alikwisha kuweka kiti mlangoni, anachokonoa meno.

Bibi Kinyaa akafungua boneti. "Ptuu!" Panya walikuwa wamezalia kwenye chujio la hewa: manyoya, mikojo, na kitoto kimoja kilichokauka. Akakichomoa kwa koleo huku kageuza uso. Petroli ya tangini ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na harufu yake nusura imtapishe. Akaimwaga yote, akatia mpya, akaweka chujio jipya, akafunga betri aliyokuja nayo, akasugua plagi mpaka zikang'aa.

"Haya dada, jaribu."

Injini ikashika, ikakohoa, ikazima. Mjane akazungusha ufunguo tena. Ikashika, ikazima.

"La kuvunda halina ubani," shemeji akasema. "Saa tano na nusu hii. Mnajichosha bure."

Fundi akahesabu kwa vidole. Moto upo, mafuta yapo, hewa inaingia. Inayoingia lazima itoke. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, akamwambia mjane awashe. Hakuna hata pumzi.

Akaingiza koleo, akavuta. Kikatoka kitambaa, kimeshindiliwa hasa. Pikapu nzima ilikuwa na vumbi la miaka minne, lakini hicho kilikuwa cheupe, bado kina unyevu. Akakinusa. "Sabuni," akasema. "Na mchuzi."

Mjane akashuka. Pembeni mwa kitambaa palikuwa na maua aliyoyadarizi mwenyewe.

"Hiki changu. Jana ulikula kwangu, shemeji, nikakupa ufutie mikono."

"Nilikuwa... nilikuwa nazuia panya wasiingie."

Bibi Kinyaa alikuwa ameshika mengi yaliyooza maishani, ila hili liliyapita yote. Mtu anakula, anashiba, anajifuta, kisha anachukua kitambaa hichohicho kumnyonga mwenye chakula! Akatema mate karibu kabisa na viatu vya yule bwana, wala hakuomba radhi.

Mjane akarudi kwenye usukani, akawasha. Injini ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Ilikuwa saa sita kasorobo. Akatoa mkono dirishani, kiganja wazi.

"Nipe ufunguo wa nyumba yangu. Ule niliokupa siku tuliyomzika kaka yako, nikisema watoto wangu wamebaki na baba."

Shemeji akaanza kupapasa mifuko.